Kituo Ambacho Mvua Haikunyesha Alhamisi

Sehemu ya sita

Kila neno hapa ni kweli tupu. Niliapa hivyo sehemu ya kwanza na leo naapa tena, kwa kiti changu cha kuegemea chenye mito miwili, zawadi ya kustaafu, ambacho ndicho ninachokikalia ninapoandika. Nilisema na narudia: atakayenikamata na uongo, hata wa mstari mmoja, kiti ni chake, na nitambebea mwenyewe mpaka mlangoni kwake. Wiki tano zimepita. Hajatokea mtu.

Tulimwacha mpwa wangu, binti wa dada yangu, katika chumba cha kumbukumbu, ghorofa ya tatu ya Idara ya Hali ya Hewa. Ana shahada ya takwimu na ana wiki kumi na moja kazini, bado za majaribio. Amekalia kreti la soda lililopinduliwa, kwa sababu viti ni vya waliothibitishwa. Mlango umefunguliwa. Mkurugenzi amesimama kizingitini, na mkononi ameshika daftari dogo la mahesabu ambalo binti huyu alilisahau mezani alipokwenda kunywa chai.

Tuendelee.

"Nani amekutuma uhesabu Alhamisi?" Mkurugenzi aliuliza.

Mpwa wangu alisimama. Kreti likaanguka.

"Hakuna aliyenituma, Daktari. Nilikuwa naipanga mvua ya Kituo Namba Tisa kwa siku za wiki."

"Kwa nini?"

"Kazi uliyonipa niliimaliza mapema."

Msomaji, hakuna kosa baya kuliko hilo katika ajira ya kwanza. Nilikuwa nimemwonya.

Mkurugenzi alifungua daftari. "Umeandika hapa: miaka ishirini na sita, Alhamisi elfu moja mia tatu hamsini na mbili, mvua sifuri."

"Ndiyo, Daktari."

"Chini yake umeandika: haiwezekani."

"Ndiyo."

"Umepiga mistari miwili."

"Wa kwanza ulikuwa hauonekani vizuri."

Kwa aliyejiunga nasi leo, nieleze kwa ufupi. Mkurugenzi huyu aliupata udaktari wake kwa kugundua kwamba pale Kituo Namba Tisa, nyuma ya zahanati, mvua hainyeshi Alhamisi. Aliandika kurasa mia mbili na kumi na moja. Aliuita utafiti wake *Ukavu wa Alhamisi*, na akathibitisha kwa michoro kwamba chanzo ni joto la bomba la kiwanda cha sabuni. Jalada lake limewekwa kwenye fremu mkabala na lifti, hivyo huwezi kuingia ofisini kabla ya kulisalimia. Wafanyakazi humwita Daktari Alhamisi, ila wakishahakikisha lifti imeondoka.

Na sasa watu wa ujenzi walitaka kujenga daraja karibu na kituo hicho. Waliuliza zege limwagwe siku gani. Mkurugenzi aliwaandalia ripoti: Alhamisi, tena msijisumbue kubeba maturubai. Ilibaki saini ya mtu wa takwimu.

"Saini yako naitaka Ijumaa kabla ya saa sita mchana," alisema. "Ukisaini, nami nasaini barua yako ya kuthibitishwa kazini. Kalamu itakuwa hiyo hiyo."

"Na nisiposaini?"

"Kreti ni la kampuni ya soda. Utaliacha hapa."

Mwingine angeinama akatafuta vumbi kwenye viatu vyake. Mpwa wangu ana ugonjwa wa kuuliza.

"Na nikimleta mtu aliyeiona mvua pale, Alhamisi yoyote?"

Mkurugenzi alimtazama kama mtu anayetazama wingu dogo siku ya kiangazi.

"Niletee mmoja. Shahidi mmoja, tarehe moja, na maandishi. Nitaichana ripoti hii mbele ya Mama Mafaili."

"Nimesikia," ilisema sauti nyuma ya rafu.

Mama Mafaili ndiye mtunza kumbukumbu. Ana miaka thelathini katika chumba kile, na alikuwa anachovya mkate kwenye chai.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Jioni yake mpwa wangu alikuja moja kwa moja kwangu, na mkoba begani. Nilikuwa kitini.

"Saini," nilimwambia kabla hajamaliza.

"Mjomba, ni uongo."

"Uongo ni neno kali. Sema hesabu zimechoka. Mwanangu, kazi ya kwanza haitaki macho mengi. Utakuja kuona vizuri ukishathibitishwa."

"Na daraja je?"

"Mafundi wa zege wana macho. Wakiona mawingu watakimbia."

Aliweka mkoba chini. Kisha akanigeukia, akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

"Mjomba, wewe ulifanya kazi Idara. Si ulikuwa Mkaguzi Mkuu wa Mvua?"

"Nilikuwa."

"Ukawa na dereva."

"Wawili. Mmoja wa zamu."

"Kile Kituo Namba Tisa ulikifahamu?"

"Nilikipitia."

"Nani alikuwa anakisoma?"

"Mzee mmoja hivi. Makini sana. Alikufa."

"Maskini," alisema.

"Alikuwa mtu wa watu," niliongeza, na hilo sitalirudisha.

Jumatano dada yangu alinipigia simu. "Kaka, mwambie mtoto asaini hiyo karatasi. Nimeshamwambia kila mtu kanisani na sokoni kwamba ana kazi ya ofisini. Kesho nitawatazama vipi?"

"Nimemwambia."

"Mwambie tena. Wewe anakuheshimu."

Nilimwambia tena. Alinisikiliza vizuri, akaniaga, akakata simu.

Alhamisi asubuhi mambo yaligeuka. Mama Mafaili aliweka kikombe chini, akaingiza mkono kifuani, akatoa ufunguo uliofungwa kwa uzi wa kaptula.

"Mwanangu, hayo unayoyasoma ni nakala za kuchapwa," alisema. "Zilichapwa huku, na mashine haina mwandiko. Daftari lenyewe, aliloliandika mtu kwa mkono, limo kwenye lile kabati la chuma."

"Mkurugenzi alilisoma?"

"Alisoma nakala. Mikono yake haipendi vumbi."

"Kwa nini unanipa mimi ufunguo?"

"Wiki kumi na moja, kila faili unalirudisha ulipolitoa. Nimekaa hapa miaka thelathini kumsubiri mtu wa namna hiyo. Sasa nenda. Mimi takwimu sizijui, lakini ukifika kwenye Alhamisi tazama wino."

Alitazama wino. Jumatatu ilikuwa na wino wake, Jumanne wake, Jumatano wake, kama kalamu ya bei nafuu inavyobadilika siku hadi siku. Lakini sifuri ya Alhamisi na namba ya Ijumaa zilikuwa za wino mmoja, mkono mmoja, mpigo mmoja. Wiki baada ya wiki. Na namba ya Ijumaa kila mara ilikuwa nene, kama Ijumaa iliyobeba mimba ya siku mbili.

Kisha aliiona saba.

Ilikuwa saba yenye mstari katikati na mkia uliopinda chini kama wa mjusi. Saba hiyo aliifahamu. Ilikuwa kwenye kadi ya kuzaliwa aliyoletewa na mjomba wake alipotimiza miaka saba, na kwenye ile ya kumi na saba.

Hakupiga kelele. Alivuta kreti, akakaa. Akafungua mkoba akatoa gazeti, ambalo ni hili hili unalolisoma, toleo lenye sehemu ya kwanza. Akasoma tena mistari niliyoiandika kwa mapenzi makubwa, kuhusu siku aliyozaliwa yeye: kwamba ilikuwa Alhamisi, kwamba alizaliwa katika zahanati ile ile, kwamba mvua ilianza kabla ya mapambazuko na ilinyesha mpaka ndala za wodi nzima zikaelea zikatoka zenyewe hadi getini, na mkunga akavushwa mgongoni na mjomba mtu. Chini yake niliweka kiapo.

Akafungua daftari kwenye tarehe yake ya kuzaliwa.

Sifuri.

Saa kumi jioni alikuwa mlangoni kwangu. Hakukaa. Aliweka gazeti kwenye goti langu la kulia, na picha ya ukurasa wa daftari kwenye la kushoto.

"Pole, Mjomba," alisema. "Nimesikia ulikufa."

Nilitazama magoti yangu.

"Tarehe ni moja," alisema. "Hapa umeandika ndala zilielea. Hapa umeandika hakuna hata tone. Yote mawili ni mkono wako. Chagua. Gazeti ndilo linadanganya, au daftari?"

Msomaji, nimewahi kubanwa, lakini si na mtu niliyemfundisha kusoma saa. Nikisema gazeti linadanganya, kiapo kimevunjika na kiti kimekwenda. Nikisema daftari, basi mimi ndiye yule mzee makini, marehemu, na Mkaguzi Mkuu pamoja na madereva wake wawili hawajawahi kuwepo.

"Naomba maji," nilisema.

"Milimita ngapi?"

Nilikunja gazeti.

"Mama ameniambia siku ile ulikuja wodini," aliendelea. "Ukanitazama, ukasema 'mzuri', ukachukua mwavuli ukaondoka. Kipima mvua kilikuwa hatua kumi kutoka dirishani. Ulikwenda wapi?"

"Dukani."

"Kununua nini?"

"Hilo nitalisema mara moja tu," nilimwambia, "kwa hiyo bora tumsubiri na Mkurugenzi."

Ijumaa, saa tano na nusu, tuliingia ofisini kwake watatu: mpwa wangu, mimi, na Mama Mafaili ambaye hakuitwa na alikuja na kikombe. Ripoti ilikuwa mezani. Barua ya kuthibitishwa ilikuwa pembeni yake. Kalamu ilikuwa katikati.

"Shahidi wako ni huyu?" Mkurugenzi aliuliza.

"Ndiye. Ni mjomba wangu. Pia ndiye msomaji wa Kituo Namba Tisa kwa miaka yote ishirini na sita."

Mkurugenzi aliniangalia kuanzia kofia kushuka. Nadhani hakuwahi kufikiri kwamba zile namba zilikuwa na miguu.

"Mzee, ilinyesha Alhamisi?"

Hapo ndipo ilipokuwepo kazi ya mtoto wa dada yangu. Kama ningesema hapana, angerudi nyumbani na mkoba wake, na dada yangu angepita sokoni njia ya nyuma. Kama ningesema ndiyo, mimi ndiye ningepita njia ya nyuma. Nilivua kofia.

"Ilinyesha."

"Alhamisi ipi?"

"Zile ambazo kila mahali ilinyesha."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Gazeti lilikuwa linatoka Alhamisi," nilisema. "Lilikuwa na hadithi."

"Hadithi."

"Ya mfululizo. Duka lililetewa nakala nane tu. Usipofika saa mbili, unasimuliwa. Mimi kusimuliwa sikukuzoea. Na kipima mvua kinataka kusomwa saa tatu, muda ule ule ninapofika katikati ya ukurasa."

Mkurugenzi aliweka viganja juu ya meza. "Hiyo hadithi ilihusu nini?"

"Mwanamke mmoja aliyefungiwa ghalani na shemeji yake."

"Alitoka?"

"Ilimchukua miaka minne."

"Na mvua ya Alhamisi ulikuwa unaifanya nini?"

Hili nililisubiri, kwa sababu ndipo palipokuwa na heshima yangu. "Ijumaa nilikuwa nakuta maji ya siku mbili kwenye chombo. Niliyapima yote, nikayaandika yote. Alhamisi niliweka sifuri ili pasibaki wazi. Lakini maji, Daktari, sikumwaga hata tone."

Mama Mafaili alikunywa chai, tukasikia inavyoshuka.

"Kwa hiyo," Mkurugenzi alisema polepole, "kurasa mia mbili na kumi na moja ni utafiti wa ratiba yako ya asubuhi."

"Michoro nimeiona. Ni mizuri."

"Na joto la bomba la kiwanda cha sabuni?"

"Kile kiwanda kilifungwa mwaka wa pili wa kazi yangu."

Aliinuka. Tulidhani anatoka. Alikwenda mpaka kwenye korido, akaigeuza ile fremu ikatazama ukuta, akarudi akakaa. Sijawahi kumpenda mkubwa wa kazi, lakini siku ile nilikaribia.

"Binti," alisema, "umeniharibia kazi ya maisha yangu. Una la kusema?"

"Ninalo," mpwa wangu alisema. "Mvua haikupotea. Imesogezwa siku moja mbele. Kuna vituo vingine vitatu vya jirani vilivyosomwa kila siku. Nikivilinganisha na Ijumaa za kituo hiki naweza kuirudisha Alhamisi mahali pake, kila wiki kwa wiki yake. Tutakuwa na kumbukumbu nzima ya miaka ishirini na sita. Naomba wiki tatu."

"Mbili," alisema Mkurugenzi.

Nami nikajua ameajiriwa. Mtu anayefukuzwa hapunguziwi muda.

Alichukua ripoti akaichana mara moja, kisha mara ya pili.

"Usitupe," alisema Mama Mafaili. "Upande wa nyuma haujaandikwa."

Mkurugenzi akachukua kalamu, akasaini barua. Mpwa wangu aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma yote kuanzia anwani, kama anatafuta Alhamisi humo ndani. Kisha akaikunja. Mimi nikajifanya natazama dirisha.

"Sasa wewe, mzee," Mkurugenzi alisema. "Kituo Namba Tisa kimefungwa tangu ustaafu. Chombo bado kipo?"

"Kipo. Kuku wa zahanati wanakinywea."

"Kitasafishwa. Daraja linahitaji vipimo vya sasa. Siku sita atasoma muuguzi. Ya saba ni yako, saa tatu kamili, kwa miguu yako, bila malipo. Unadaiwa Alhamisi elfu moja mia tatu hamsini na mbili."

"Toa likizo zangu," nilisema.

"Nizitoe?" alimuuliza mpwa wangu.

"Hakuchukua likizo," alisema. "Nimeangalia. Alikuwa anazichukua Alhamisi."

Yamebaki mawili ya kulipa, nami nayaeleza kwa sababu nimelazimishwa.

La kwanza ni kiti. Daftari ndilo lililodanganya, si gazeti, hivyo nilidhani kiti kimepona. Mpwa wangu alinikumbusha madereva wawili, walioko kwenye sehemu ya pili, mstari wa tisa, pamoja na kiapo chake. Aliyethibitishwa ana haki ya kiti, alisema, na Idara ilikuwa haina kiti cha ziada, ila kimoja tu ilichokitoa zawadi miaka sita iliyopita. Jumatatu nilikibeba kichwani ngazi za ghorofa tatu, maana hakikuingia kwenye lifti. Kwenye ngazi ya pili nilipishana na wafanyakazi waliosema "pole, Mkaguzi Mkuu" mmoja baada ya mwingine, kwa adabu ambayo sitaisahau.

La pili ni Alhamisi yenyewe, iliyokuwa juzi.

Mvua ilianza saa moja. Ilinyesha sokoni, ilinyesha barabarani, ilinyesha kwenye msingi wa daraja ambao mafundi walikuwa wameufunika kwa maturubai. Saa tatu kasoro nilivuka geti la zahanati na viatu vya mpira. Muuza magazeti alipita mbele yangu akiwa amefunika mzigo wake kwa nailoni. Sikugeuza shingo. Naomba hilo liandikwe mahali.

Kipima mvua kipo uani, kwenye nguzo yake. Na uani, msomaji, palikuwa pakavu.

Sisemi palikuwa na manyunyu. Nasema pakavu. Mvua ilikuwa inanyesha upande wa pili wa ukuta, naisikia, naiona juu ya paa la jirani, na ndani ya ukuta kuku wanachakura vumbi. Nilifungua chombo, nikakiinamisha kwenye chupa ya kupimia. Hakikudondoka kitu. Nilikitikisa. Nilikipiga kofi.

"Mjomba, ngapi?"

Mpwa wangu alikuwa nyuma yangu na mwavuli uliolowa. Alikuja kunikagua. Nje ya ukuta, gari la Mkurugenzi lilikuwa limesimama, kioo kimeshushwa, vipangusio vinafanya kazi.

Nilikuwa na kalamu mkononi. Ningeweza kuandika kumi na nne, namba nzuri, na wote wangefurahi.

"Sifuri," nilisema.

"Amesema ngapi?" Mkurugenzi aliuliza kutoka garini.

"Sifuri, Daktari."

Mpwa wangu alichukua chupa, akaiinua kwenye mwanga, akaingiza kidole. Akakitoa kikavu. Akatazama angani, akatazama ukuta, akanitazama mimi. Ni mtaalamu yule. Hakusema haiwezekani, kwa sababu alishalisema mara moja na akapiga mistari miwili.

"Andika," aliniambia. "Nitasaini pembeni."

Mkurugenzi alitoa kichwa dirishani, mvua ikampiga bega.

"Ana kiti kingine cha kuapia?" aliuliza.

"Hana," alijibu mpwa wangu. "Lakini kile alichokileta hakikuwa na mito. Iko nyumbani. Ameificha nyuma ya kabati."

"Ile ni mali binafsi," nilisema.

"Umeapa kwa kiti chenye mito miwili, Mjomba. Tena kwenye sehemu ya sita, uliyoiweka mezani kwako, umeandika kwamba unakikalia."

Mito nimeipeleka leo asubuhi, mmoja kila kwapa. Sehemu hii nimeimalizia sakafuni.

Ile sifuri bado ipo daftarini, na saini mbili. Na jana alasiri Mkurugenzi alionekana kwenye korido, mbele ya lifti, ameiwekea mkono ile fremu iliyogeuzwa, hajaamua kama aigeuze tena.